Mamlaka ya Kukataa: Uongozi Ndani ya Nyumba ya Mitindo

Katika tasnia za ubunifu, yaani shughuli za kiuchumi ambazo mtaji wake mkuu ni wazo lililopewa umbo, kama vile filamu, muziki na ubunifu wa mavazi, uongozi huzungumziwa mara nyingi kana kwamba ni tawi tu la kipaji, na kwa hiyo mtu ambaye jina lake limeshonwa kwenye lebo husifiwa kwa kila kitu, hata kwa pindo ambalo mkono wake haukuligusa. Dhana hiyo haisimami inapopimwa kwa historia ya Christian Dior, mbunifu Mfaransa ambaye jina lake lilitukuzwa kuliko majina ya wengi wa zama zake, lakini ambaye ofisini mwake aliongoza kwa kugawa mamlaka.

Nyumba yake ya mitindo, maana yake kampuni inayobuni, kushona na kuuza mavazi kwa jina moja, ilianzishwa Paris mwishoni mwa mwaka 1946 kwa fedha za Marcel Boussac, tajiri wa viwanda vya nguo, ikiwa na karakana tatu na wafanyakazi wapatao 85. Kabla ya onyesho la kwanza la tarehe 12 Februari 1947, lililorudisha kiuno chembamba na sketi pana baada ya miaka ya vita na uhaba wa vitambaa, Dior alikwisha kuwaweka karibu naye wanawake watatu waliokuwa na yale aliyopungukiwa nayo: Raymonde Zehnacker, aliyesimamia chumba cha ubunifu na kuweka mambo katika mpangilio, Mitzah Bricard, ambaye jicho lake lilitegemewa katika kofia na mapambo, na Marguerite Carré, aliyetoka katika nyumba ya Jean Patou na kukabidhiwa karakana.

Kazi ya Carré ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu. Dior alichora michoro kwa mamia, akipenda kufanya hivyo mbali na jiji, kisha akaikabidhi kwa Carré, naye akaigawa kwa wakuu wa karakana, kila mmoja kwa kadiri ya ustadi wake, kwa kuwa fundi hodari wa koti la sufu si lazima awe hodari wa gauni la hariri. Mchoro haukushonwa moja kwa moja kwa kitambaa cha thamani, bali kwanza ulishonwa kwa pamba nyeupe isiyo ghali, ya jamii ya ile ambayo pwani ya Afrika Mashariki huitwa marekani, ukavishwa mwanamitindo, ukatazamwa mbele na nyuma, ukabanwa kwa pini, na mara nyingi ukatupwa. Hapo ndipo fundi alipokuwa na nafasi ya kuonyesha, kwa kitambaa na wala si kwa hoja, kwamba bega lililopendeza kwenye karatasi halikai mwilini. Msikilizaji aliyewahi kumpelekea fundi wa Kariakoo picha ya gauni na kuambiwa kwamba kitambaa alichonunua hakitamwagika vile, anaelewa uzito wa jambo hilo, na pengine anakumbuka pia jinsi lilivyomuudhi. Kiongozi wa ubunifu ni yule anayeudhika na bado akasikiliza, kisha akaamua mwenyewe, kwa sababu mashauriano yasiyo na mwamuzi hayazai mkusanyo, yaani kundi la mavazi ya msimu mmoja yenye sura ya pamoja.

Mpangilio huo ulipata mtihani wake Oktoba 1957, Dior alipofariki ghafla nchini Italia, wakati huo nyumba yake ikiwa na wafanyakazi zaidi ya elfu moja. Yves Saint Laurent, msaidizi wake tangu mwaka 1955, alikabidhiwa uongozi wa ubunifu akiwa na umri wa miaka 21, na mkusanyo wake wa Januari 1958, wenye magauni yaliyopanuka kutoka mabegani bila kubana kiuno, ulipokewa kwa shangwe. Magazeti yaliandika juu ya kijana wa ajabu. Hayakuandika sana kwamba mezani alikutana na mafundi wale wale waliojua kuusoma mchoro na kuukosoa.

Mwaka 1960, baada ya mkusanyo uliowachukiza baadhi ya wateja kwa majaketi yake ya ngozi nyeusi, Saint Laurent aliitwa jeshini, na nafasi yake ikachukuliwa na Marc Bohan, aliyedumu hapo hadi mwaka 1989. Alipoanzisha nyumba yake mwenyewe mwaka 1961, Saint Laurent hakujitwika kila kitu, kwani fedha na mikataba aliviacha mikononi mwa Pierre Bergé. Na katika karakana hiyo changa, ambayo haikuwa bado na mteja wala sifa ya kumhakikishia mtu mshahara, waliingia baadhi ya mafundi walioacha ajira zao kwa Dior ili kumfuata.