Hesabu ya muziki, masikio ya mulima
Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Majengo, Goma



Nikisema nilisoma uhandisi na ninaandika programu za sauti, watu wanacheka: "Aa, njo mambo ya miziki, starehe tu!" Leo nataka kuwaonyesha kama si starehe tu.

Munajua Auto-Tune, ile programu yenye inanyoosha sauti ya mwimbaji. Mwenye aliitengeneza, Andy Hildebrand, ni mhandisi wa Marekani. Mbele ya hapo alikuwa anapima mitetemo ya ardhi ju ya kutafuta mafuta. Unapiga udongo, sauti inashuka, inagonga mwamba, inarudi. Hesabu inakuambia chini kuko nini. Ujuzi ule aliupeleka kwa sauti ya mtu, na mwaka 1997 Auto-Tune ikatoka.

Sasa geuzeni njia. Kama hesabu ilitoka kwa udongo ikafika studio, kijana wa studio anaweza kuirudisha kwa udongo. Na udongo wetu unasema! Nyiragongo inatoa sauti nzito, chini ya mitetemo 20 kwa sekunde. Sikio haliipati, lakini vyombo vinaipata.

Tarehe 22/5/2021 mulima ulipasuka, lava ikafika Buhene, na raia hawakupata onyo. Tarehe 27 tukaambiwa tuhame. Majengo yetu ilikuwa kwa orodha. Watu wakaenda Sake, wengine Gisenyi, magodoro kichwani. Kisha tukajua kama kituo chenye kinachunga volkano kilikuwa kimekaa miezi bila hata pesa ya intaneti, ju msaada wa wafadhili uliisha 2020.

Intaneti ya ngapi? Tupige hesabu. Wimbo wa stereo, sauti ikisomwa mara 44,100 kwa sekunde, unakula karibu mega 10 kwa dakika moja. Mulima hauhitaji vile. Chombo kimoja kikisoma mara 100 kwa sekunde, kwa biti 16, masaa 24 yote ni karibu mega 17. Siku nzima ya mulima haifikie dakika mbili za wimbo! Basi si mega zenye zilikosa. Kilikosa ni kuona kama maisha yetu yana bei.

Sisemi tuanze kutangaza mulipuko kwa WhatsApp. Hapana. Uvumi nao unaua. Wataalamu wako, na kazi yao tunaiheshimu. Tunachodai kwa kila mwenye kushika madaraka ni vitu tatu:

1. Pesa ya kuchunga mulima itoke kwa bajeti ya serikali, isingojee mufadhili.
2. Vipimo viwekwe wazi ili wanafunzi wetu wajifunze kuvisoma.
3. Vijana wenye diploma wafanye kazi pale, na walipwe. Si "staji" ya miaka mitatu bila hata ya taksi.

Na sisi tusikae tu mikono mfukoni. Audacity, programu ya kurekodi, ilianzishwa chuoni na Dominic Mazzoni akiwa mwanafunzi, pamoja na mwalimu wake. Ilitoka mwaka 2000, na mpaka leo ni bure, hata kodi yake iko wazi. Mwenye mashini amufundishe mwenye hana. Leo achanganye wimbo. Kesho asome mulima.

Hatuombe huruma. Tunadai haki ya kusikia hatari mbele itufikie.