JUISI NA NEKTA YA MAPICHI: MAJI KWANZA, TUNDA BAADAYE

(Maneno haya yalisemwa na mfanyakazi wa jamii mbele ya akina mama, akina baba na vijana katika kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, Malawi. Tunayachapisha kwa sababu wengi waliomba wayapate kwa maandishi.)

Mama zangu na baba zangu, dada na kaka, mimi ni mtoto wenu. Wengine kati yenu mlinibeba mgongoni, kwa hiyo sikuja kuwafundisha kupika. Nimekuja kusema jambo moja tu: mapichi yamefika sokoni, na tunaweza kuyafanya kinywaji kizuri bila kuleta ugonjwa nyumbani.

TUNDA LENYEWE

Wenyeji wanaliita pichesi. Waliosoma Kifaransa wanasema peshi, na katika vitabu vya Kiswahili mtaona pia fyulisi. Ni tunda moja. Ngozi yake ina vinyweleo, nyama yake ni ya njano au nyeupe, na ndani kuna kokwa ngumu yenye mikunjo. Mti wake unahitaji majira ya baridi ili utoe maua vizuri. Ndiyo maana mengi tunayoyaona hapa hutoka kwenye milima ya Dedza na Ntcheu, karibu na mpaka wa Msumbiji. Kuelekea mwisho wa mwaka vijana huyauza kwa ndoo kando ya barabara kuu ya Lilongwe kwenda Blantyre, na wachuuzi wanatuletea.

Sisi tuliotoka Kivu na Burundi tumezoea marakuja na nanasi. Ukikamua marakuja, maji yanatoka. Pichi si hivyo. Ukiliponda linatoa rojo nzito, maji kidogo. Kwa hiyo watu hulinywa kwa njia mbili. Juisi ni tunda bichi lililopondwa na kuchujwa. Nekta ni rojo ya tunda iliyoongezwa maji na sukari. Na nekta nitakayowaeleza leo inapikwa.

KWA NINI TUNAZUNGUMZA HAYA LEO

Mapichi huja pamoja na mvua. Mvua ya hapa huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Machi au Aprili. Katika miezi hiyo vyoo hujaa, maji machafu hutembea, na kuhara huongezeka. Hamjasahau kipindupindu kilichoanza Malawi mwaka 2022 na kuendelea mwaka 2023. Watu zaidi ya 1,700 walikufa katika nchi nzima.

Nitawaambia kosa langu mwenyewe. Kabla sijapata kazi hii nilikuwa nauza juisi mbele ya nyumba yetu. Niliosha matunda vizuri, nikaosha hata blenda niliyoazima. Lakini maji nilichota moja kwa moja kwenye bidoni, na barafu nilinunua kwa jirani bila kuuliza imetengenezwa kwa maji gani. Juisi ilikuwa tamu. Mdogo wangu alikunywa vikombe viwili. Usiku alianza kuhara, na kufikia alfajiri macho yalikuwa yameingia ndani. Tulimkimbiza kituo cha afya, akapona. Lakini nilikaa siku nzima nikijiuliza ni watoto wangapi wa watu waliokunywa kutoka ndoo ile ile. Sikuwa na njia ya kuwajua wote.

Juisi inadanganya. Maji machafu ukiyaona kwenye kikombe unayakataa. Ukiyatia pichi na sukari huyaoni tena.

MAJI KWANZA

Kabla ya kugusa tunda, chemsheni maji mpaka yatokote kabisa, yaendelee kutokota kwa dakika moja, kisha yafunikeni yapoe. Kama mna dawa ya klorini, fuateni kipimo kilichoandikwa na subirini nusu saa. Barafu pia ni maji. Kama hujui imetoka wapi, usiitie.

Osheni mikono kwa sabuni. Osheni kisu, sufuria, chujio na vikombe, kisha mwagieni maji ya moto. Kitambaa cha kuchujia kichemshwe kwanza. Kisiwe kile cha kufutia meza.

KUCHAGUA NA KUMENYA

Chagueni mapichi yanayonukia na kubonyea kidogo yakishikwa. Yaliyo magumu yawekeni kwenye kikapu siku mbili au tatu, yatalainika. Mkikuta funza, kateni sehemu hiyo yote mtupe. Tunda lenye ukungu au lililooza litupwe zima, hata kama upande mmoja unaonekana mzuri. Msinunue yaliyooza kwa sababu ni rahisi, mkidhani sukari itaficha.

Ili ngozi itoke bila taabu, tumbukizeni matunda katika maji yanayotokota kwa nusu dakika hadi dakika moja, halafu yatieni katika maji baridi yaliyo safi. Ngozi itavutika kwa vidole.

Toeni kokwa zote. Kuna mapichi ambayo kokwa hutoka yenyewe, na mengine nyama imeishika. Hayo kateni nyama kuizunguka. Kokwa isisagwe kwenye blenda wala kupondwa kwenye kinu, kwa sababu mbegu iliyo ndani yake ina kitu kinachogeuka sumu. Msiwaachie watoto wazivunje na kula.

JUISI YA KUNYWA PAPO HAPO

Kwa mapichi matano yaliyoiva chukueni kikombe kimoja na nusu cha maji yaliyochemshwa yakapoa, na maji ya nusu ndimu. Pondeni nyama ya matunda kwa mwiko, au tumieni blenda. Tieni ndimu mara moja, maana pichi likikatwa hubadilika rangi likawa la kahawia, na ndimu huchelewesha hilo. Ongezeni maji, chujeni, onjeni. Pichi lililoiva vizuri halihitaji sukari nyingi, pengine halihitaji kabisa.

Juisi hii haikupikwa. Inywewe wakati huo huo. Isilale.

NEKTA YA KUPIKWA

Hii ndiyo ninayowashauri wengi wenu, hasa wenye watoto wadogo na wanaouza.

Vitu vinavyohitajika:
- mapichi kilo 1
- maji safi lita 1
- sukari vijiko vikubwa 4 hadi 6
- ndimu kubwa 1

Namna ya kufanya:
1. Menyeni, toeni kokwa, kateni vipande vidogo.
2. Tieni vipande kwenye sufuria pamoja na nusu ya maji. Funikeni, pikeni kwa moto mdogo wa mbabula kama dakika 10, mpaka vilainike kabisa.
3. Pondeni kwa mwiko, kisha pitisheni kwenye chujio mkisukuma kwa kijiko. Rojo yote ipite, nyuzi zibaki.
4. Rudisheni kwenye sufuria. Tieni maji yaliyobaki, sukari na maji ya ndimu.
5. Koroga mpaka itokote, iache itokote dakika 3. Usiondoke, maana rojo inaungua chini upesi.
6. Ipua, funika, ipoe ikiwa imefunikwa. Msiongeze maji mabichi ili kuipoza wala ili ionekane nyingi.

Hatua ya sita ndiyo inayoharibu kazi ya wengi. Mtu anapika vizuri, halafu wateja wanakuwa wengi, anachukua kikombe cha maji ya bidoni anaongeza. Hapo moto wote uliotumia umekuwa bure.

KUHIFADHI

Nyumba nyingi hapa hazina friji. Basi pikeni kiasi kinachoisha siku hiyo. Nekta iliyolala na ikaonyesha povu, ikanuka kama pombe, au chupa ikafura, imwagwe. Usionje ili kuhakikisha.

Anayetaka kuweka akiba atumie chupa za kioo zenye mdomo mpana na vifuniko vipya vinavyobana. Zichemshwe kwanza, nekta imiminwe ikiwa moto sana, ibaki nafasi ndogo juu, zifungwe. Kisha zipangwe kwenye sufuria kubwa, maji yazifunike, yatokote dakika 20. Pichi lina uchachu, na ndimu inauongeza. Ndiyo maana njia hii inafaa. Msiitumie hivi hivi kwa maziwa, maharage au mboga. Na nekta ya moto isitiwe kwenye chupa za plastiki za soda.

KWA WANAOUZA

Msaada umepungua na kila mtu anatafuta kitu cha kuongeza chumvi na sabuni nyumbani. Sikatazi biashara. Lakini pigeni hesabu ya makaa na sukari pamoja na matunda, msije mkauza kwa hasara mkaanza kupunguza mahali pa kuchemsha. Ndoo iwe na kifuniko, mteko uwe na mpini mrefu, na kila kikombe kioshwe kwa sabuni kabla hakijampokea mtu mwingine.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mama mmoja aliuliza: Mtoto wa miezi minne anaweza kupewa kidogo?
Jibu: Hapana, mama. Mpaka miezi sita ni ziwa la mama peke yake, hata maji hapewi. Baadaye apewe tunda lililopikwa na kupondwa, bila sukari.

Baba mmoja aliuliza: Mtoto akihara, nekta itamrudishia maji mwilini?
Jibu: Hapana, baba. Sukari nyingi inaweza kuongeza kuhara. Mpeni maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kama pakiti hakuna, chukueni lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Anayenyonya aendelee kunyonya. Na mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kijana mmoja aliuliza: Makaa ni ghali. Siwezi kuchemsha maji peke yake halafu nipike tena.
Jibu: Ndugu yangu, hiyo ndiyo faida ya nekta. Maji na tunda vinatokota pamoja katika sufuria moja. Moto mmoja unatosha. Ukishindwa hata huo, uza tunda lenyewe limeoshwa kwa maji salama, mteja alimenye mwenyewe. Utalala bila wasiwasi.

Mama zangu na baba zangu, nimemaliza. Mdogo wangu sasa ni kijana, na bado anapenda mapichi. Kila mwaka yakifika ananiuliza, "Dada, umechemsha?" Nawaomba watoto wenu nao wazoee kuuliza hivyo.