Wanafunzi Wapimapo Walimu

Vijana wa Malindi na Kilifi wanacho Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopewa hati mwaka 2013. Siku hizi vyuo vikuu vingi huwauliza wanafunzi, kwa intaneti, kama walifundishwa vema. Hatulipingi jambo hili: aliye darasani ndiye ajuaye kama mwalimu afundisha au asoma karatasi tu.

Lakini wakijibu 9 kati ya 100, hayo si maoni ya darasa. Na kijana azuiliwaye matokeo ya mtihani mpaka ajibu, atabonyeza lo lote apite.

Basi twadai: jina la mwanafunzi lifichwe; idadi ya waliojibu itajwe; mwalimu wa muda asinyimwe kazi kwa alama hizo peke yake, bila kusikilizwa.

Umoja ni nguvu.