HAKI ZETU KATIKA ZAMA ZA SIMU: TUZIPANGE MAFUNGU
(Mazungumzo kwa wanachama)



Siku hizi toka Kabuku mpaka Mombo, shughuli za mkulima zinapita kwenye simu. Ruzuku ya mbolea ya msimu wa 2022/23 ilitaka kila mkulima ajiandikishe. Laini nazo huandikishwa kwa alama za vidole. Zisizoandikishwa hivyo zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020. Basi tujue haki zetu. Lakini haki zikilundikwa pamoja, mjanja huchagua ile inayomfaa yeye. Mahindi na ufuta hatutii gunia moja. Tuzipange hivi:

1. Haki ya kujua na kusema. Imo katika Katiba yetu, Ibara ya 18. Tena Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa ofisi ya umma, na ajibiwe ndani ya siku 30.

2. Haki ya kutunziwa yaliyo yako. Ni Ibara ya 16. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayechukua taarifa zako akueleze ni za kazi gani. Zikiwa na makosa, unadai zisahihishwe.

3. Haki ya kutoachwa nyuma. Ibara ya 13 inasema watu wote ni sawa. Vidole vya mkata mkonge vikisuguliwa na kazi, mashine inaweza kushindwa kuvisoma. Hilo si kosa lake, asirudishwe nyumbani mikono mitupu. Na asiye na simu ni mwanachama kamili: bei ikitangazwa kwenye simu, ibandikwe na hapa ukutani.

Sasa jamani, shikeni neno hili. Matata huanza fungu la kwanza na la pili yakibadilishana mahali. Bei ya mnada, uzito, makato na matumizi ya chama ni mali ya wote. Kiongozi akisema hiyo ni siri ya chama, aulizwe: chama ni nani kama si sisi? Lakini namba ya simu ya mtu, kitambulisho chake na deni lake ni vyake. Jumla ya madeni isomwe mkutanoni. Jina la mdaiwa libaki kwenye vitabu, bodi imwite wazungumze. Kumbandika ukutani si uwazi, ni kumvunjia heshima.

Kazi ya kufanya leo: piga *106# uone ni laini ngapi zimeandikishwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu ifungwe. Ukiambiwa uweke kidole mara ya pili, uliza sababu kwanza. Namba ya siri usimpe mtu, hata karani wetu.

Mkutano ujao ni wa hesabu. Njooni na maswali.