Staji isikuwe zawadi, iwe sehemu ya masomo



Leo tunazungumuza juu ya jambo moja tu: staji.

Tuko Lubumbashi, muji wa shaba. Kutoka hapa mpaka Likasi, Fungurume na Kolwezi, makamio yanapita usiku na muchana. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka katika inchi yetu. Na chuo kikuu cha muji huu kilifunguliwa mwaka wa 1956, mbele ya uhuru. Viwanda viko, masomo iko. Lakini katikati yao kuna ukuta, na sisi njo tunaugonga kichwa.

Mwanafunzi wa umeme anachora transfo kwenye karatasi miaka na miaka, halafu anaambiwa atafute staji ya mwezi moja ao miwili. Anatembeza barua mulango kwa mulango. Kama hana mujomba ndani ya sosiete, anajibiwa: "Tutakupigia simu." Mwingine anaombwa matabishi. Dada zetu wanaombwa kitu kingine, na sisi wote tunajua ni kitu gani. Mwenye bahati anaingia, anakalishwa pembeni ya mashine ya fotokopi, na rapporti yake anaikopi kwa rafiki wa mwaka uliopita.

Kisha tunapata diplome, tunamwangiwa poda kichwani, mama anaimba. Kesho yake tangazo la kazi linasema: uzoefu wa miaka 3. Tuutoe wapi?

Kuna njia, na si mupya. Mwaka wa 1906, ule ule mwaka Union Minière ilianzishwa, mwalimu moja wa Marekani, Herman Schneider, alianza mupango katika chuo kikuu cha Cincinnati. Wanafunzi wa uinjinia waligawanywa vikundi viwili: kimoja darasani, kingine kiwandani, kisha wanabadilishana. Mwanafunzi alijifunza na kulipwa. Na kiwanda hakikubakia na nafasi wazi, juu moja akirudi darasani, mwenzake anaingia.

Musikilize muzuri hapo. Sosiete zinatuambia: "Mustajieri anakuja mwezi moja, anatupotezea wakati, anaenda." Ni kweli! Mwezi moja hautoshi hata kujua valvu gani inafunga maji gani. Ndiyo maana tunaomba muda murefu, wenye kurudiarudia. Wanasema tena: muchimbo ni hatari. Ni kweli pia. Basi mwaka wa kwanza mwanafunzi ajifunze usalama na atelie. Mashine kubwa zitakuja kisha. Injinia asiyejua hatari ya muchimbo mpaka siku ya kuajiriwa, huyo njo hatari zaidi.

Kwa hiyo tunaomba mambo ine.

La kwanza: staji iingie ndani ya programu na ihesabiwe kwa kredi. Masomo yetu sasa yako katika mufumo wa LMD, na mwaka moja ni kredi 60. Nafasi ya kuiweka iko.

La pili: chuo njo kitafute nafasi, si mwanafunzi peke yake. Liste ya nafasi na ya waliochaguliwa ibandikwe ukutani, kila mutu asome.

La tatu: kuwe na karatasi yenye sahihi tatu, ya chuo, ya sosiete na ya mwanafunzi. Iandikwe nani anamufundisha, nani analipa transporti, nani anatoa kaski na viatu, na nani anamutunza akiumia. Iandikwe tena mahali pa kushitaki mutu anayeomba makuta ao mwili.

La ine: Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inaomba sosiete zinazochimba zitoe angalau 0,3% ya mapato ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka muchimbo, na zisaini ahadi na jamii hizo. Wakati ahadi hizo zinajadiliwa, vijana wa maeneo hayo wakuwe mezani, na waulize: nafasi ngapi za staji, kila mwaka, kwa watoto wa hapa?

Katiba yetu, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mutakatifu kwa kila Mukongomani. Lakini mutu hawezi kutimiza wajibu kama mulango wa kujifunzia kazi unafunguliwa kwa mujomba tu.

Kuanzia kesho tunakusanya ushuhuda wa kila mwanafunzi aliyeombwa kitu juu ya staji. Majina yenu hatutayatoa. Tutapeleka barua kwa wakubwa wa chuo na kwa serikali ya jimbo. Wakinyamaza, tutarudi wengi zaidi, bila jiwe wala fimbo, na tutaketi mbele ya mulango.

Andikeni. Leteni. Musiogope.