Analipwa na nani? Mshahara wa mtumishi wa serikali na amani ya kijiji

(Mazungumzo mbele ya wajumbe wa kamati za amani, machifu na watumishi wa serikali, Kalemie, jimbo la Tanganyika)



Mlituomba tuseme juu ya rushwa. Tutasema zaidi juu ya mshahara, kwa sababu katika mikutano yetu vijijini malalamiko mengi yanayoanza na neno rushwa huishia kwenye swali moja: huyu mtu analipwa na nani?

Mtumishi anayelipwa na serikali kila mwezi ana sababu ya kuogopa kupoteza kazi. Anayelipwa na raia aliye mbele yake atamtumikia mwenye fedha kwanza. Na ikiwa kila jioni lazima ampelekee mkubwa wake sehemu ya alichokusanya, mkubwa huyo hawezi tena kumwadhibu, maana wanakula sahani moja. Kwetu jambo hili lina jina: raportaji. Tukipita kwenye bariera tunaona kamba na kijana mwenye bunduki, tunasema ana tamaa. Huenda anayo. Lakini mara nyingi kijana yule ana hesabu ya kutoa jua likizama.

Watafiti waliofuatilia polisi wa barabarani mjini Kinshasa mwaka 2015 walikuta mpango wa namna hiyo: askari wa njiapanda walipangiwa na wakubwa wao idadi ya madereva wa kuleta kituoni kila siku, na huko ndiko fedha zilikotoka. Kuongoza magari kukawa kazi ya pili, na msongamano na ajali zikaongezeka. Askari wale hawakuwa wavivu hata kidogo. Walijitahidi sana, ila kazi waliyopewa haikuwa ile iliyoandikwa katika sheria.

Kwa hiyo tunauliza fedha zinapita njia gani. Zamani mishahara ya jeshi ilipita mikononi mwa makamanda. Kamanda alikuwa na faida ya kuandika majina mengi kuliko askari alionao, na askari mwenye njaa akawageukia raia. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulileta ujumbe ulioitwa EUSEC, na kazi yake moja kubwa ilikuwa kutenga njia ya amri na njia ya mshahara. Askari walihesabiwa kwa alama za vidole na kupewa kadi. Kuanzia mwaka 2011 serikali ikaanza kupitisha mishahara ya watumishi wake katika mabanki. Tunasema wazi: mabadiliko hayo yalisaidia kuliko semina nyingi za maadili, pamoja na hizi zetu. Hayakumaliza shida, bila shaka. Mwalimu aliye mbali na mji huacha darasa siku kadhaa kufuata fedha zake, na nauli inakula sehemu yake. Ndiyo sababu Caritas nayo ilipewa kazi ya kufikisha mishahara ya walimu katika sehemu zisizo na banki.

Sasa tufike shuleni, maana hapo ndipo mnapogombana zaidi. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mshahara wa serikali ulipokosa maana, wazazi ndio waliomlipa mwalimu. Fedha zile hazikubaki darasani. Sehemu ilipanda kwenye ofisi za elimu, ngazi baada ya ngazi. Basi kila ofisi ilikuwa na sababu ya kuruhusu shule mpya ifunguliwe, hata kama bajeti haikuwepo. Hivyo ndivyo tulivyopata walimu wengi wasio na nambari ya matrikule, wale tunaowaita NU.

Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya bure. Watoto wakajaa madarasani, nasi tulifurahi. Lakini mwalimu asiye na matrikule alipoteza fedha za wazazi na hakupata za serikali. Mzazi anasema, shule ni bure. Mwalimu anasema, sijala. Mtoto anarudishwa nyumbani.

Ndugu, hapa kwetu, baada ya vita vya Watwa na Waluba, kumrudisha mtoto nyumbani si jambo dogo. Baba Mtwa ambaye mtoto wake amefukuzwa hafikirii bajeti ya Kinshasa. Anaona dharau ile ile ya zamani. Na mwalimu, ambaye huenda hana ubaya wowote moyoni, anaamka asubuhi akiwa adui.

Watu husema ni Artikle 15, yaani jitafutie. Fungueni Katiba: ibara ya 15 inahusu kukomesha ukatili wa kijinsia. Ibara ya kujitafutia haimo.

Mashirika nayo yana mkono katika mambo haya. Posho ya semina ikizidi mshahara, ofisi itafungwa siku ya semina. Kwa hiyo leo tumetoa nauli na chakula, sawa kwa wote, na tutamaliza saa sita ili wenye ofisi wakafungue.

Tunaomba kila kamati, kabla ya kumshitaki mwalimu kwa chifu, imuulize: una matrikule? Ulilipwa mara ya mwisho lini, na kupitia wapi? Andikeni jina la shule, si la mtu. Kwenye bariera ombeni risiti kwa upole. Msibishane na mwenye silaha. Kumbukeni siku, kiasi na idara, mwandike mkifika nyumbani. Karatasi hizo tutazipeleka pamoja nanyi kwa administrata wa teritwari na kwa wabunge wa jimbo.

Fomu ziko kwa katibu, karibu na mlango. Walimu mlio hapa, tafadhali bakini kidogo, tunataka kuanza na ninyi.