Ethi katika Masanduku ya Gemu: Mhadhara kwa Mafundi na Wazazi wa Ngara na Biharamulo



Maji ya Ruvubu na Nyabarongo, yakishakutana, huanguka pale Rusumo kwa nguvu ambayo huzungusha mitambo mitatu yenye jumla ya megawati 80, na umeme huo hugawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Sehemu yetu husafiri kwa waya za kilovolti 220 kutoka Ngara hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Wilaya zilizozoea kwa miaka mingi ngurumo za mitambo ya dizeli sasa zina umeme wa kutosha hata kwa michezo, na kijana mwenye runinga kuukuu, mashine ya gemu na rafiki aliye seremala aweza kuunda sanduku la kuchezea, akalitia vitufe, usukani na mlango wa bati wa kupokelea sarafu, akajipatia riziki ya halali. Kazi hiyo naiheshimu, na kwa sababu naiheshimu nataka ifanywe kwa hadhari ileile inayotazamiwa katika mashine itokayo kiwandani.

Atakayesimama mbele ya sanduku hilo aghalabu ni mtoto, miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji, viganja vyake vina jasho, na vidole vyote viko juu ya bati la vitufe. Iwapo waya wa moto utachubuka ndani na kugusa bati hilo, njia ya umeme kuelekea ardhini itakuwa ni mwili wake, maadamu hakuna njia nyingine iliyowekwa. Njia hiyo nyingine ndiyo ethi.

Ethi zetu nyingi ni za jina tu. Soketi ina matundu matatu, lakini plagi ina miguu miwili, na mchezeshaji huchomeka kalamu katika tundu la juu ili vifuniko vya matundu mengine vifunguke. Basi tundu lililowekwa kwa ajili ya kulinda uhai limekuwa ufunguo wa kuukwepa ulinzi wenyewe. Ekstensheni nayo hununuliwa ikiwa na matundu matatu, ilhali ukiukata waya wake utakuta nyuzi mbili tu. Kisha mtu husema sanduku "linatekenya". Linatekenya kwa sababu ndani ya pawa saplai mna kapasita ndogo za kuchuja kelele za umeme, zilizounganishwa na chasisi. Ethi ikikosekana, chasisi huelea karibu na volti 115, nusu ya volti 230 za ukutani. Mkondo utokao hapo ni hafifu na peke yake hauui, bali ni ushahidi kwamba ethi haipo, na mwenye sanduku hana udhuru wa kuupuuza.

Fauka ya hayo, rodi ya ethi iliyopigiliwa ardhini nyuma ya nyumba haitoshi kwa kuwapo kwake tu. Tuchukue mfano wa rodi yenye ukinzani wa omu 50, na katika changarawe kavu ya milimani Ngara mwezi Agosti hiyo ni hesabu ya ukarimu. Volti 230 zikigawanywa kwa 50 hutoa ampea 4.6. Sakiti breka ya ampea 10 haitashtuka kwa mkondo huo. Itakaa imewaka usiku kucha, na bati litaendelea kushika umeme wa kuua huku mwenye kibanda akidhani amelindwa. Kwa hiyo natamka bila kusita kwamba kila kibanda cha gemu sharti kiwe na swichi ile ambayo mafundi huiita RCD, ya miliampea 30, ambayo hukata umeme mara uvujapo kiasi hicho kidogo. Kwa swichi hiyo, hata rodi ikiwa ya omu 500, bati haliwezi kubaki juu ya volti 15 bila umeme kukatwa mara moja. Lakini RCD bila ethi hungoja mtu aguse ndipo ikate. Ikiwa na ethi, hukata kabla ya mtu kufika.

Ndani ya sanduku, mbao hazipitishi umeme, kwa hiyo kila kipande cha chuma kinahitaji waya wake: bati la vitufe, mlango wa sarafu, chasisi ya pawa saplai. Fundi mwangalifu hukwangua rangi chini ya skrubu hadi chuma king'ae, akaweka wosha yenye meno, akakaza, kisha akapima kwa mita kutoka mlangoni hadi mguu wa ethi wa plagi. Bawaba isiaminiwe kuwa waya, kwa kuwa kutu na grisi huitenga. Pitisha waya laini kando yake.

Njia hiyohiyo ya ethi hulinda pia bodi ya elektroniki ya gemu. Wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, mtu avaaye nguo za nailoni aweza kubeba volti elfu kadhaa mwilini bila kuhisi lolote, ilhali baadhi ya chipu huharibika kwa volti mia chache tu. Cheche ikirukia bati lenye ethi huenda ardhini. Ikirukia skrubu isiyounganishwa hutafuta njia kupitia waya za vitufe hadi kwenye bodi, na gemu huganda au kufa kabisa. Mwenye kushika bodi avae mkanda wa mkononi uliounganishwa na ethi, wenye ukinzani wa omu milioni moja, isipokuwa afunguapo runinga ya kioo kinene: hapo auvue, kwa maana kioo hicho huweza kuhifadhi volti zaidi ya 20,000 hata baada ya plagi kuchomolewa, na mkono uliofungwa ardhini huwa hatari kuliko mkono huru.

Mintarafu ya radi, ethi ya nyumba si kinga yake. Ukanda wetu wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na mwaka 2011 wanafunzi 18 waliuawa na radi moja katika shule ya Runyanya, Uganda. Mawingu yakitanda, sanduku lichomolewe na watoto wawekwe mbali nalo.

Ombi langu kwa mafundi wa Rulenge, Kabanga, Nyakahura na Nyakanazi ni kwamba rodi zipimwe mwishoni mwa kiangazi, ardhi ikiwa kavu kabisa, si Aprili ambapo udongo uliolowa husifia kazi mbovu. Na kipimo hicho kiandikwe kwa rangi, pamoja na tarehe, ndani ya mlango wa kila sanduku, mahali ambapo fundi atakayefuata atakiona kabla hajagusa chochote.